Aliyeacha nyama, mbona bado anapika "nyama" ya soya? Jibu la mpishi wa makambi

Shengena (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mwaka jana kwenye makambi, ile mikutano yetu Wasabato ya siku kadhaa, Ijumaa ya maandalio ya Sabato, mzee mmoja alizunguka nyuma ya jiko akasimama kando ya karai nililokuwa nakaangia nyama ya soya. Akachungulia, akanusa, kisha akaniuliza: "Mwanangu, ikiwa tumeacha nyama, mbona unatupikia nyama?" Hakuwa anatania. Nilikuwa na watu zaidi ya mia mbili wa kulisha na jua linakwenda, nikamwomba anisubiri tuzungumze nikimaliza. Jioni ile sikumpata tena. Uzi huu ndio jibu langu kwake, na kwa wengine wote, maana swali hilo nakutana nalo kila ninapopika.

Mimi ni mzaliwa wa Upare milimani, nyumba ya Kisabato. Nyama niliacha mwaka 2009. Maziwa na mayai natumia. Sijaja kumhubiria mtu. Mwenye mishkaki yake aendelee kwa amani.

Kwa wasiojua, Usabato haukatazi nyama zote. Nguruwe na wanyama wengine walioitwa najisi hatugusi, lakini kuacha nyama kabisa ni hiari, inayohimizwa tangu Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa letu, aanze kufundisha habari za afya mwaka 1863 kule Michigan, Marekani. Jimboni humo humo, mji wa Battle Creek, daktari Msabato aitwaye John Harvey Kellogg (kampuni ya konifleksi ilikuja kuwa ya mdogo wake) alisimamia hospitali ya mapumziko ambayo nyama haikuwa kwenye chakula cha wagonjwa. Mtu aliyekula nyama tangu utotoni ukimwondolea tu, sahani inabaki na pengo. Miaka ya 1890 Kellogg akaanza kutengeneza "nyama" ya karanga, kisha ya karanga na ngano, ikauzwa kwa makopo. Wamishonari wa kwanza wa Kisabato wanapanda milima yetu ya Upare mwaka 1903, biashara hiyo ilikuwa tayari ipo Marekani. Na watawa wa Kibudha wa China walikuwa wameshapika nyama ya ngano karne nyingi kabla ya hapo. Kwa hiyo mzee wangu, uliloliuliza ni la siku nyingi.

Sasa jibu. Tusikilize kwanza lugha yetu. Mtoto wa Tanzania akirudi shule anauliza, "Mama, leo mboga nini?" Anajibiwa, "Nyama." Wala hashangai! Kwetu mboga inaweza kuwa mchicha, dagaa, maharage au ng'ombe, kwa sababu neno lenyewe linataja nafasi: kile kinachokaa kando ya ugali au wali. Kitoweo ni hivyo hivyo. Bila kitoweo unakula ugali mkavu, na kula ugali mkavu ni jina la shida.

Aliyeacha nyama ameacha mnyama. Nafasi ile kando ya ugali hajaiacha. Bado anataka mchuzi wa kuchovya, kitu cha kutafuna, harufu inayofika mlangoni kabla ya chakula. Na anataka kitu cha kumwekea mgeni. Hili la mgeni ndilo zito kuliko yote, na wanaoandika habari za vyakula mara nyingi hawaligusi.

Mama yangu alipoacha nyama, mimi nikiwa mdogo, ugomvi wa kwanza haukuwa wa afya wala wa dini. Baba mdogo alikuja kututembelea kutoka Tanga, akawekewa makande. Makande ni chakula chetu Wapare, anayapenda, lakini siku ile aliyaona kama kafukuzwa kimyakimya. Kwetu kaka mkubwa anamchinjia mdogo wake kuku. Mama alilia jikoni usiku ule. Miezi kadhaa baadaye mwanamke mmoja wa kanisani alimfundisha nyama ya ngano. Baba mdogo alipokuja tena, mama akaipika na nyanya, kitunguu na tui zito, juu ya wali. Aliambiwa mapema kwamba si nyama. Akala, akaongeza, akasema, "Shemeji, hii naweza kumwekea hata mkwe wangu." Hakudanganywa na mtu. Aliheshimiwa, basi.

Hapo ndipo naona kampuni kubwa za nje zimekosea njia. Mwaka 2016 Impossible Foods ya California walianza kuuza baga yenye hemu, ile chembe yenye chuma inayoipa damu wekundu wake. Yao inafanana na ile iliyo kwenye mizizi ya soya, na wanaizalisha kwa hamira iliyobadilishwa vinasaba, ili baga ikikatwa ionekane na kunukia kama ya ng'ombe. Ni ufundi mkubwa, siubezi. Wenzao Beyond Meat waliingia soko la hisa Mei 2019 kwa dola 25 kwa hisa. Miezi miwili baadaye bei ilikuwa imevuka dola 200. Mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya dola 10. Sababu ni nyingi, na bei kubwa ya bidhaa zenyewe ni mojawapo. Lakini mimi kama mpishi naona walishindana na ng'ombe kwa damu yake, na kwa damu ng'ombe atashinda siku zote. Mla mboga niliyemlisha miaka hii hajawahi kuniomba damu. Ananiomba mchuzi.

Tuje jikoni, maana wengi wameonja soya mara moja ikawashinda, na kosa lilikuwa la mpishi.

Zile nyama kavu za soya za pakiti ni unga wa soya uliokwisha kukamuliwa mafuta, ukakandwa na maji, ukasukumwa kwenye mashine yenye joto na mgandamizo mkubwa. Ukitokea kwenye tundu la mwisho unafura ghafla na kuwa na nyuzinyuzi. Kavu, karibu nusu ya uzito wake ni protini. Ina harufu ya maharage mabichi, na ukiimimina kavu kwenye mchuzi, harufu hiyo unaila. Loweka kwenye maji ya moto yenye chumvi kwa dakika 15. Kamua kwa nguvu, kama unakamua nguo. Maji hayo mwaga, tia mengine, kamua tena. Sasa una sponji tupu inayosubiri kunywa chochote utakachoipa: tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, pilipili manga, na sosi ya soya ya chupa kama unayo. Iache nusu saa. Kisha kaanga peke yake, bila nyanya, mpaka kingo ziwe kahawia na zianze kukauka. Hatua hii ndiyo inaleta ile harufu tunayoiita ya nyama; sehemu yake kubwa ni harufu ya protini na sukari vilivyokutana na moto mkali. Nyama ya ng'ombe ukiichemsha tu nayo hainukii hivyo.

Nyama ya ngano ni kazi zaidi. Kilo ya unga mweupe unaukanda uwe donge gumu, unauzamisha kwenye maji saa nzima, kisha unaukanda ndani ya maji na kuyabadilisha mpaka yaache kuwa meupe. Wanga umeondoka, inabaki gluteni, yaani protini ya ngano, kama robo kilo na ushee, inavutika kama mpira. Kata finyango, chemsha polepole kwenye supu yenye viungo kwa saa moja, ndipo ukaange. Maji meupe ya kwanza usimwage, yanafaa uji.

Nakaribisha maoni, hata ya wanaopinga.

Mtaa wa Kati

Mkuu nimekusoma vizuri. Mimi nakula nyama na sitaacha. Hoja yangu ni moja: hiyo soya ya pakiti imepita kiwandani, imesukumwa kwenye mashine, halafu tunaambiwa ni ya afya kuliko ng'ombe aliyekula majani Kiteto. Hapo nakataa.

Shengena

Mkuu, hoja yako ina uzito na sitaikwepa. Kiwanda si kitu kimoja. Nyama kavu ya soya isiyo na viungo, ukisoma nyuma ya pakiti, mara nyingi ni unga wa soya tu. Soseji na baga za kugandishwa ni jambo jingine: zina chumvi nyingi, mafuta ya kuongezwa na orodha ndefu. Hizo sizipiki makambini na sizipendekezi kwa kila siku.

Kuhusu afya, kuna utafiti uliofuatilia Wasabato wa Marekani na Kanada, ulioanza 2002 ukiwa na watu takribani 96,000. Matokeo ya 2013 yalionyesha wala mboga walikuwa na hatari ya kufa ndogo kwa asilimia 12 katika miaka iliyofuatiliwa, wakilinganishwa na waliokula nyama. Lakini watu wale pia wanafanya mazoezi zaidi na pombe wanakunywa kidogo kuliko wenzao, na watafiti hawawezi kutenganisha kila kitu kikamilifu. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba ng'ombe wako wa Kiteto atakuua. Ukimla mara moja kwa wiki pamoja na kunde na mchicha, wewe na mimi hatuko mbali.

Binti Kizingo

Nawasalimu kutoka Mombasa. Kaka Shengena, umenifurahisha na hilo la mboga. Huku Kenya mtu akikwambia mboga anamaanisha sukuma wiki, kabeji, mchicha, managu. Nyama haiwezi kuitwa mboga hata kidogo. Kitoweo ndilo neno letu.

Ila nina neno. Sisi Waswahili wa pwani tuna vyakula visivyo na nyama tangu jadi na havijawahi kujifanya nyama. Mbaazi za nazi na mahamri asubuhi, nani aliuliza nyama iko wapi? Mseto wa choroko, kisamvu cha nazi, badia za kunde, shelisheli la nazi. Nazi ndiyo inayofanya kazi hiyo unayoisema ya kujaza kinywa. Naona afadhali tumrudishe mtu kwenye mbaazi kuliko kumpa sponji.

Na kama mtu ni lazima apate harufu ya choma, kuna hila ya jikoni. Kitoweo kikiiva, weka kibakuli kidogo cha bati katikati ya sufuria, tia kaa la moto, lidondoshee samli au mafuta, funika upesi. Dakika tano moshi umeingia kila mahali. Nimefanya hivyo kwa fenesi bichi na watu waliuliza nimechoma wapi.

Shengena

Dada, moshi wa kaa nimeuandika kwenye daftari langu, asante sana. Fenesi bichi nalo ni hazina: Wabengali hulipa jina lenye maana ya mbuzi wa juu ya mti. Angalizo ni moja, fenesi lina protini kidogo sana. Linajaza nafasi ya kutafuna, halijazi nafasi ya lishe, kwa hiyo weka dengu au kunde pembeni.

Kuhusu mbaazi nakubali kabisa. Nyumbani kwangu siku nyingi ni maharage, choroko na mbaazi. Soya ni Sabato na wageni. Lakini mwenzangu, aliyelelewa pwani kinywa chake kinajua mbaazi ni chakula kamili cha heshima. Bara kwetu maharage yana jina baya. Ni chakula cha bweni na cha mwisho wa mwezi. Kijana aliyekula maharage na ugali miaka sita ya bweni ukimwambia aache nyama arudi kwenye maharage, amesikia kwamba arudi kwenye umaskini. Huyo ndiye ninayemwekea soya.

Mkazi wa Leicester

Naomba niongeze la huku Uingereza. Jirani zangu ni Wagujarati waliozaliwa Kampala, wazazi wao walifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Hawajawahi kula nyama vizazi na vizazi, na ukiwapa baga inayotoa wekundu kama damu wanatapika. Kwao kufanana na nyama ni kasoro. Wanachokula? Dengu, vipande vya jibini ya maziwa wanavyoviita paniri, na muhogo! Mikahawa yao huku inauandika "mogo", neno letu kabisa, walilibeba kutoka Afrika Mashariki. Muhogo wa kukaanga na pilipili Leicester ni kitu cha kawaida.

Waingereza wenyewe ndio wanaotafuta mfano wa nyama. Tangu 1985 kuna Quorn, inatengenezwa kwa kuvu wanaokuzwa kwenye matangi. Naila, si mbaya, iko karibu na kuku. Wasiokula hata mayai wawe macho, maana baadhi ya bidhaa zake zimeshikanishwa kwa ute wa yai. Neno lenyewe vegani lilibuniwa hapa hapa mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake, kwa sababu walitaka kujitenga na wala mboga wanaotumia maziwa na mayai.

Shengena

Hilo la jirani zako ni zito mkuu. Linanionyesha kwamba ninayoyasema ni ya mtu aliyewahi kula nyama. Asiyeijua hana pengo la kuziba.

Mkulima Ruvuma

Mimi nalima soya huku Songea. Mnaongea soya kama kitu cha dukani, wakati sisi tunaijua tangu utoto. Ninachotaka mjue ni kwamba wanunuzi wangu karibu wote ni wa chakula cha kuku. Soya yangu inaliwa na kuku, halafu ninyi mnamla kuku. Nyumbani mke wangu anaisaga anachanganya kwenye uji wa watoto. Swali langu, naweza kutengeneza tofu, ile jibini ya soya, bila mashine za kiwandani?

Shengena

Unaweza kabisa, kaka. Loweka soya usiku kucha, isage na maji kwenye blenda au mashine ya kawaida, chuja kwa kitambaa. Maziwa yake yachemshe vizuri, yakishachemka yaendelee dakika 15 hivi huku unakoroga, maana yanafura na kumwagika. Usionje mabichi: soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini, moto ndio unaovipunguza. Epua, yapoe kidogo, tia maji ya ndimu au siki kidogo kidogo mpaka yakatike. Mimina kwenye kitambaa, weka jiwe juu kwa saa moja. Makapi yaliyobaki changanya na unga na kitunguu, kaanga kama badia.

Muuguzi wa Zamu

Nimesoma uzi wote nikisubiri mtu aseme vitamini B12, ile ya neva na damu, hajasema. Mkuu, unafundisha watu wengi, lazima uliseme.

Shengena

Umenigusa panapouma. Nilitaka kuandika, nikaahirisha kwa sababu ni habari ya nyumbani.

Dada yangu aliacha nyama, mayai na maziwa vyote kwa pamoja. Alikaa miaka sita. Alikuwa na nguvu, ngozi nzuri, sisi sote tukimsifu. Kisha ikaja ganzi ya vidole vya miguu. Tukasema ni viatu, tukasema ni baridi. Akaanza kuyumba akitembea gizani. Alizunguka vituo vitatu akipewa dawa za maumivu, mpaka daktari mmoja alipomuuliza anakula nini. Damu ikapimwa: vitamini B12 ilikuwa chini mno. Alichomwa sindano miezi kadhaa. Kuyumba kuliisha, ganzi ya vidole viwili ipo mpaka leo.

Mwili unaweka akiba ya B12 kwenye ini, inaweza kutosha miaka kadhaa, ndiyo maana mtu anajiona mzima muda mrefu. Mimea haitupi B12 ya kutegemea. Soya ya pakiti haina, isipokuwa imeongezwa kiwandani na pakiti ikasema hivyo. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 2.4 kwa siku, kiasi kidogo sana, lakini asiyekula mayai wala maziwa lazima akitafute kwenye vidonge au chakula kilichoongezewa. Sasa kila makambi naomba dakika kumi niliseme hili kabla ya kufundisha kupika.

Chuma nacho, wakuu. Chuma cha kunde hakifyonzwi kirahisi kama cha nyama. Kamulia ndimu, kula na nyanya au embe, na chai ya rangi isogeze mbele saa moja baada ya chakula.

Muuguzi wa Zamu

Ubarikiwe kwa kulisema wazi. Wajawazito na wanaonyonyesha ndio wa kwanza kuambiwa. Mtoto mchanga wa mama asiye na B12 anaumia haraka kuliko mama mwenyewe.

Mama Upendo Kibaha

Kaka Shengena, Mungu akubariki. Nina ugeni wa wakwe Jumapili ijayo, watu 40, na upande wa bwana harusi wengi hawali nyama. Buchani kwetu kilo imeshavuka 10,000, kwa hiyo nafikiria wote niwapikie soya, waje wali wa nazi na kachumbari. Ninunue kiasi gani, na je niwaambie kwamba si nyama?

Shengena

Waambie, dada, kabla hawajanawa. Mgeni akigundua mwenyewe katikati ya sahani atajiona amefanyiwa mchezo, hata kama chakula kitamu.

Nunua kilo 2 kavu, zile finyango kubwa. Zikinywa maji zitafika kama kilo 5. Loweka na kukamua ufanye Jumamosi jioni, zilale na viungo kwenye friji, zitakuwa tamu zaidi. Vitunguu kilo 2, nyanya zilizoiva kilo 3, kitunguu saumu vichwa 5, tangawizi mbichi robo kilo, ndimu 10, nazi 6. Usikaange zote kwa mkupuo, karai likijaa zitachemka badala ya kukauka. Gawa mara tano au sita. Mchuzi upike pembeni mpaka mafuta yaelee juu, ndipo uzitumbukize, tui zito mwisho kabisa, dakika kumi moto mdogo.

Ukiwa na mtu wa kukusaidia, mpe kazi ya kukamua. Mikono yako itachoka kabla hujafika katikati.